Vijiji vilivyochafuliwa na mionzi ya nyuklia (Chernobyl, Fukushima): mkulima wa kule anasaidiwaje ainuke tena?

Kasulu_Kwetu:

Habari za jioni wakuu, shikamoo kwa wakubwa wote humu. Mimi kijana wa Kasulu ila kwa sasa niko Tabora mjini nasoma maendeleo ya jamii, tumepewa kazi ya kuandaa mada, kila mtu achague eneo lililokumbwa na janga afu aeleze angewasaidiaje watu wa vijijini wainuke tena. Wenzangu wengi wamechukua mafuriko na ukame, mimi nimechukua vijiji vilivyochafuliwa na mionzi, Chernobyl kule Ukraine ya 26 Aprili 1986 na Fukushima kule Japani ya 11 Machi 2011, maana habari ya mlipuko kila mtu anaijua ila yule mkulima mwenye ng'ombe wawili na kishamba cha viazi aliishia wapi hakuna anayeongelea.

Sasa kuna wanaosema watu wote wahamishwe walipwe fidia yaishe, kuna wanaosema mpaka leo mamilioni wanaishi kwenye ardhi iliyochafuka na wanalima kama kawaida. Na hili swala la fidia linanigusa sana, maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda ile 2020 ndugu zangu upande wa mama pale Ujiji walipoteza nyumba, nimeshuhudia mtu mwenye nguvu zake anakaa tu anasubiri jina lisomwe kwenye orodha mpaka kazi aliyokuwa anaifanya imemponyoka.

Naomba mnisaidie, hivi ardhi ikishaingia mionzi inalimika kweli? Na ukitaka kuwasaidia hao watu unaanzia wapi, unawapa hela, unawahamisha, au unafanya nini? Wenye uelewa tafadhali, msinitupe.

Fundi_Picha_KGM:

Karibu mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni chumba cha X-ray hapa Kigoma kwahiyo mionzi naishi nayo, ngoja nikupe msingi kwanza maana watu wengi wanaongelea mionzi kama vile ni kitu kimoja.

Kile kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia pale Chernobyl kilipolipuka kiliendelea kutoa uchafu hewani kama siku 10 hivi, na kwenye huo uchafu kuna viwili vya kuvishika. Cha kwanza ayodini-131, hii nguvu yake inapungua nusu kila siku 8, miezi mitatu imeshaisha kabisa. Ila hizo wiki za mwanzo ndo iliua matumaini ya wengi, ilidondoka kwenye majani, ng'ombe akala, mtoto akanywa maziwa, ikaenda kukaa kwenye tezi ya shingoni. Hapa kwetu mwenye umri anawakumbuka watu wenye rovu, ule uvimbe wa shingoni, kabla chumvi haijaanza kuwekwa madini joto, sasa madini joto ndo ayodini yenyewe, tezi inaihitaji, ikikosa ile nzuri inavuta hata yenye mionzi. Na vijiji vingi vya kule vilikuwa na upungufu wa madini joto tangu zamani. Mpaka 2005 watoto na vijana wa wakati ule waliopata saratani ya tezi Ukraine, Belarus na sehemu za Urusi zilizochafuka walishapita 6,000, bahati nzuri ni saratani inayotibika wengi wamepona. Poland walisikia mapema wakawapa watoto zaidi ya milioni 10 dawa ya ayodini ya kuishibisha tezi. Watu wa Pripyat, karibu na kinu kabisa, walikaa zaidi ya siku nzima hawajaambiwa chochote, watoto wanacheza nje. Hilo linaniuma mpaka leo.

Cha pili sesiamu-137. Hii inapungua nusu kila miaka 30, maana yake ile ya 1986 ilifika nusu 2016. Hii ndo inakaa kwenye udongo na ndo mkulima wako anapambana nayo. Ila zingatia hili kwenye mada yako, sesiamu mwilini haikai milele, mtu mzima ndani ya miezi mitatu hivi nusu yake imeshatoka kwa mkojo na mtoto inatoka haraka zaidi, kwahiyo mtoto akibadilishiwa chakula akala kisafi mwili unajisafisha. Mama akilielewa hili anapata nguvu ya kufanya kitu.

Mzee_wa_Urambo:

Kijana usihangaike na maneno mengi. Watu wahamishwe wote wapewe ardhi safi na nyumba, serikali ilipe. Unamwachaje mtu na wajukuu zake kwenye udongo wenye sumu afu unasema unamsaidia? Huo si msaada.

BwanaShamba_Sikonge:

Shikamoo mzee wangu wa Urambo, naheshimu kauli yako na kwa zile sehemu zilizochafuka sana uko sahihi kabisa, watu kama 116,000 walihamishwa mwaka ule ule wa 1986 na baadae wengine zaidi ya 200,000, na lile eneo la kilomita 30 kuzunguka kinu mpaka leo halikaliwi kihalali. Ila mzee, ramani ya uchafuzi haikukaa kama duara, mvua ilinyesha huku haikunyesha kule, unakuta kijiji kiko kilomita 200 kimechafuka na cha jirani yake kiko salama. Watu kama milioni 5 walibaki kwenye maeneo yaliyochafuka kiasi. Milioni 5 mzee, hao utawahamishia wapi.

Na wewe umeishi umeona, Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini Kigoma walihamishwa na Tabora walihamishwa, bila mionzi yoyote, wazee wangapi walifika makazi mapya wakanyong'onyea mpaka wakafa, shamba la mawese limebaki kule, makaburi yamebaki kule. Chernobyl ilikuwa hivyo hivyo, zaidi ya watu elfu moja walirudi kinyemela kwenye vijiji vyao ndani ya eneo lililokatazwa, wengi wao bibi zetu wa umri mkubwa, wakasema bora tufie nyumbani. Na Fukushima ndo inatisha zaidi, watu kama 160,000 walihama, na vifo vilivyotokana na kuhamahama huko, wazee kutolewa hospitali usiku, dawa kukatika, msongo, vimezidi 2,300 katika mkoa ule peke yake, ni vingi kuliko waliouawa pale pale na tsunami na tetemeko ndani ya mkoa huo. Kwahiyo kuhamisha nako kunaua, lazima upime.

Sasa kijana swali lako la ardhi kulimika. Inalimika, kwa ujanja. Mmea unaichukua sesiamu kwa kuidhania ni potasiamu, zinafanana. Kwahiyo udongo ukishiba potasiamu mmea unaiacha sesiamu. Hapa Tabora mkulima wa tumbaku anaujua mfuko wa NPK 10:18:24, ile 24 ya mwisho ndo potasiamu yenyewe, basi Belarus na Japani wote walimwaga mbolea za potasiamu mashambani na kwenye majaruba, wakaongeza chokaa kwenye udongo wenye tindikali, sehemu nyingine wakalima kwa kina kirefu udongo wa juu ukafukiwa chini. Japani walienda mbali zaidi wakakwangua udongo wa juu kama sentimita 5 wakaufungia kwenye mifuko mikubwa meusi, ule udongo umejaa mamilioni ya mita za ujazo umerundikwa Okuma na Futaba na sheria yao inasema uondolewe nje ya mkoa ifikapo 2045, wapi hawajapata. Mimi kwa kweli kukwangua sikukubali sana, ule udongo wa juu ndo wenye rutuba, mkulima anarudishiwa shamba safi lakini limechoka.

Kwa mifugo kuna kemikali ya bluu inaitwa Prussian blue, anapewa ng'ombe kwenye chumvi ya kulamba au kidonge kikubwa kinakaa tumboni, inaikamata sesiamu inatoka na kinyesi, maziwa yanaweza kushuka mpaka mara kumi. Norway waliitumia kwa kondoo na kulungu wao wa baridi. Na ng'ombe wa nyama analishwa majani safi wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa, inapungua yenyewe. Maziwa yakizidi kipimo wanatengeneza siagi, sesiamu inabaki kwenye maji maji, mafuta yanatoka safi. Mazao ya mafuta vile vile. Haya yote ni kazi anayoiweza bwana shamba wa kata yoyote akipewa vifaa.

Mama_Vikoba_Ujiji:

Bwana shamba umeeleza vizuri mno, Mungu akubariki. Mimi naomba niongelee watu maana udongo umeshapata mtetezi.

Mwanangu wa Kasulu, ulichokiona kwa ndugu zako hapa Ujiji ndo hicho hicho kilichotokea kule kwa ukubwa wa kutisha. Serikali ya Kisovieti na zilizofuata zilitoa posho na ruzuku kwa kila aliyeandikishwa kuwa mhanga, ikafika watu kama milioni 7 wana haki ya mafao ya Chernobyl. Belarus 1991 ilitumia asilimia 22.3 ya bajeti yote ya nchi kwenye jambo hili moja, fikiria. Hela yenyewe ikagawanyika ikawa vijisenti kwa kila mtu, na huku mtu ameshaambiwa wewe ni mgonjwa, wewe ni mhanga, usiguse hiki usile kile, bila kuambiwa afanye nini. Vijana wakaondoka, shule zikabaki na watoto wachache, wakabaki wazee, pombe ikachukua nafasi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipokaa chini 2005 wakatamka wazi kwamba tatizo kubwa la afya la umma lililoletwa na ajali ile ni la akili na moyo, watu kukata tamaa na kuona hawana uwezo juu ya maisha yao wenyewe. Mimi nilivyosoma pale nililia, nawajua wamama wa hivyo.

Ndo maana kuanzia 2002 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na wenzao wakabadilisha mwelekeo, kutoka kugawa msaada kwenda kwenye maendeleo ya kijiji, kule Ukraine wakawa wanasaidia vikundi ambavyo wanakijiji wenyewe wameunda na kuchangia, ukarabati wa zahanati, maji, shule, miradi midogo. Umoja wa Mataifa ukaitangaza 2006 mpaka 2016 kuwa muongo wa kuinua maeneo yale.

Ila mfano ninaoupenda mimi ni kijiji kimoja Belarus kinaitwa Olmany, wilaya ya Stolin. 1996 walikuja wataalamu wa Kifaransa na mradi wao ETHOS, na tofauti yao wakaanza kwa kuuliza wamama wana wasiwasi gani. Wamama wakasema maziwa ya watoto. Wakafundishwa kupima wenyewe, wanapima maziwa ya ng'ombe mmoja mmoja, wanaandika. Si wakagundua kumbe ndani ya kijiji kile kile ng'ombe wa huyu maziwa yake safi na wa yule machafu, kisa ni wapi anachungwa na majani makavu ya kiangazi yalikatwa wapi! Kabla ya hapo kila mtu alijua tu "maziwa ya kijiji chetu ni sumu". Kuanzia hapo mama anajua mtoto ampe maziwa ya malisho gani, wakaanza kubishana kuhusu malisho, wakaenda kudai mbolea ya potasiamu wakiwa na takwimu zao mkononi. Wakapima mpaka majivu ya jikoni, maana kuni za msitu uliochafuka zikiungua uchafu wote unabaki kwenye jivu, na jivu lile walikuwa wanalirudisha bustanini kurutubisha. Jikoni kwangu jivu naenda kulimwaga kwenye mchicha kila asubuhi, kwahiyo niliposoma hilo nilielewa kabisa walivyoshtuka.

Kwahiyo ukiniuliza uanzie wapi, mpe mama kipimo na mfundishe kukisoma. Hela ije baadae, na ije kwa jambo ambalo kikundi kimeshakubaliana. Hilo la kugawa kwa orodha usiliweke hata kwenye mada yako.

Mzee_wa_Urambo:

Marahaba bwana shamba. Ahsante mama. Hilo la majivu sikulijua, hata sisi huku tunafanya hivyo. Bado nasema wanaotaka kuhama wasaidiwe wahame na wenye watoto wadogo wapewe kipaumbele, asilazimishwe mtu kubaki kwa sababu mradi unataka kijiji kiwe na watu.

Mama_Vikoba_Ujiji:

Mzee hapo tuko pamoja mia kwa mia. Achague mwenyewe akiwa anajua.

Kasulu_Kwetu:

Aisee nashukuru sana, mmenifungua. Mama hilo la Olmany nalichukua liwe moyo wa mada yangu. Sasa kuna kitu kinanisumbua, tuseme mkulima amefanya yote, mbolea ameweka, amepima, mazao yako safi. Nani atanunua? Maana huku kwetu tu mahindi yakisemwa yana sumukuvu basi mzigo wa wilaya nzima unakataliwa hata ambao hauna.

BwanaShamba_Sikonge:

Hapo umegusa penyewe. Soko ndo kidonda kinachochelewa kupona kuliko udongo. Fukushima walichofanya, Japani ilishusha kiwango kuanzia Aprili 2012 kikawa bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kilo ya chakula cha kawaida, ni kikali sana, afu mkoa ukaamua kupima mchele mfuko kwa mfuko. Wote. Mifuko zaidi ya milioni 10 kila mwaka ilikuwa inapita kwenye mashine kama mizigo ya uwanja wa ndege, kila mmoja ulikuwa unabandikwa stika. Kuanzia mavuno ya 2015 hakuna hata mfuko mmoja uliozidi kiwango, na baadae ndo wakaanza kuhamia kwenye kupima sampuli. Na pamoja na hayo yote bei ya mazao yao, mchele, nyama, pichi, ilibaki chini ya wengine kwa miaka mingi, na mchele mwingi ukawa unaishia kwenye migahawa na vyakula vya kupika tayari ambako mlaji haoni jina la mkoa.

Kwahiyo kipimo peke yake hakiuzi, ila bila kipimo huna hata pa kuanzia mazungumzo na mnunuzi. Na stika iandikwe namba yenyewe, isiandikwe "salama" tu, mtu aliyewahi kudanganywa na serikali hataki tena kuambiwa salama, anataka namba aisome mwenyewe. Ndo maana kule Japani ziliibuka sehemu nyingi za kupimia za raia wenyewe, mama anabeba mboga zake anapimiwa hapo hapo. Na watu wa nje wasifikiri haya ni ya miezi, kondoo wa baadhi ya wafugaji wa Wales na Cumbria kule Uingereza, mbali kabisa na Ukraine, vizuizi vya Chernobyl viliondolewa kwao 2012.

Reli_ya_Kati:

Samahani naingilia. Mimi natokea Manyoni ila nafanya biashara Tabora. Kwetu na Bahi wamewahi kuja watafiti wa urani na kusini kuna ule mradi wa Mto Mkuju kule Namtumbo. Je na sisi tutakuja kuwa kama Chernobyl? Watu mtaani wanaongea hivyo na wanaogopa kweli.

Fundi_Picha_KGM:

Kaka swali zuri na usiogope kuuliza. Ni vitu viwili tofauti. Chernobyl na Fukushima ni vinu, mle ndani urani imeshapasuliwa ikazaa hizo sesiamu na ayodini, ndo zikatoka. Urani iliyoko ardhini haina sesiamu-137 wala haiwezi kulipuka ikiwa kwenye mwamba. Hatari ya mgodi ni nyingine, vumbi, gesi ya radoni kwa wachimbaji, na yale mabaki ya kusafishia madini yakihifadhiwa vibaya yanaingia kwenye maji ya visima. Hiyo inazuilika lakini inatakiwa usimamizi wa karibu, na kwa nchi yetu wenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ndo hao hao wanaopima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka nchini.

Kitu ambacho mimi ningekitaka kwenye eneo lolote la namna hiyo ni maji ya visima na udongo vipimwe KABLA mtu hajachimba, matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji. Baadae mkisema maji yamebadilika mnakuwa na cha kulinganisha. Chernobyl hawakuwa nacho mkononi, wanakijiji walikuja kuambiwa miaka imeshapita.

Na kingine naomba vijana wa vyuma chakavu mnisikie, huu ndo uchafuzi unaoweza kufika Tabora au Kigoma bila kinu wala mgodi. 1987 Brazil, mji wa Goiânia, watu waliokota mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa kwenye kliniki iliyohama, wakaipasua kuuza chuma, ndani kulikuwa na unga wa sesiamu-137 unang'aa bluu gizani, wakagawiana, mpaka mtoto akaushika wakati anakula. Walikufa wanne akiwemo huyo binti mdogo, na zaidi ya watu 112,000 walipangwa uwanjani kupimwa. Ukiona chuma kizito isivyo kawaida kina ile alama ya duara na mapanga matatu, usikikate, ondoka na toa taarifa.

Kasulu_Kwetu:

Duh hiyo ya Goiânia naiweka pia. Mama, Bwana Shamba, Fundi, mzee wangu, nashukuru mno, nikimaliza kuandika nitaileta hapa muikague kabla sijawasilisha.

Mrina_Asali:

Nimesoma yote toka juu kimya kimya. Mimi maisha yangu ni pori la huku Sikonge, mizinga, uyoga masika ukitoka, furu na mbula. Shamba mmesema linatibika kwa mbolea. Na msitu je? Mtu wa msituni kama mimi angefanya nini?

BwanaShamba_Sikonge:

Ndugu yangu msitu ndo mgumu kuliko vyote na sitaki kukupaka mafuta. Shamba unalilima unaliwekea mbolea, msitu hauulimi, sesiamu inapanda kwenye mti, inashuka na majani, inaoza pale juu juu, inapanda tena, inazunguka humo humo. Ndo maana kule mpaka leo uyoga, matunda ya porini na nyama ya nguruwe pori ndo vinaongoza kuzidi viwango wakati viazi na nafaka za jirani ziko sawa, na wanaoumia ni maskini wanaotegemea msitu. Fukushima pia milima yenye misitu hawakuisafisha, walisafisha ukanda karibu na nyumba tu.

Lakini hata humo kuna la kufanya. Uyoga hautofautiani na wale ng'ombe wa Olmany, aina hii inavuta sana aina ile kidogo, kwahiyo wanapima kwa aina na kwa eneo wanachora ramani yao ya wapi uokotwe na wapi uachwe. Na mapishi yana kazi, uyoga ukichemshwa kwenye maji ya chumvi ukamwaga yale maji, ukarudia tena na maji mengine, sehemu kubwa ya sesiamu inatoka. Supu yake ndo usiinywe, na hayo maji usiyamwagie bustanini.